Nani Atatusemea

Juzi nilikuwa narudi Sur kutoka Maskati, nikapita njia ya Ibra badala ya ile ya pwani. Ilikuwa katikati ya joto, vioo vya gari vimefungwa, kiyoyozi kinanguruma, na bado harufu ikaingia. Tende mbichi zikichemshwa hutoa utamu unaokaribia kuungua, kama sukari iliyosahauliwa jikoni, na ndani yake mna moshi wa makuti. Nikasimamisha gari pembeni. Sikuwa na haja yoyote ya kusimama. Nilikaa mikono kwenye usukani mpaka nikagundua kwamba vidole vyangu vimekaza, kama vya mtoto anayengoja kuitwa mbele ya darasa.

Mimi ni mtu wa kuandika kwanza hata ujumbe wa sauti kabla ya kuurekodi. Kazini wanadhani ni adabu. Wengine wanadhani ni majivuno. Ni woga tu. Sentensi ikiwa na ufa mdogo huwa naimeza, na nikishaimeza hunikaa kifuani siku nzima. Harufu ile ilinirudisha mahali ambapo woga huo uliona jua kwa mara ya kwanza, nami nikaona si mimi peke yangu niliyekuwa nao.

Baba yangu alizaliwa Ujiji, na baba yake vilevile. Aliyeondoka Ibra ni babu wa baba, akiwa kijana, akaoa kule, akazeekea kule. Baba alikuwa mpanda michikichi. Alikwea kwa kamba kiunoni, akakata matawi, akashusha mashada ya chikichi, akawaachia wanawake kazi ya kukamua mawese. Karatasi zetu za kurudi zilipokamilika (nasema kurudi, ingawa hakuna kati yetu aliyewahi kuja) dada yangu Zuwena alikuwa na miaka kama kumi na mimi nilikuwa nabebwa. Tulipokewa na mtu wa ukoo, mwenye shamba la mitende nje kidogo ya mji wa Ibra, ambaye kila mtu alimwita Bu Saif. Alitupa nyumba ya vyumba viwili ukingoni mwa shamba, akampa baba kazi ya bidari, ndivyo waitwavyo watunza mitende. Kwa desturi ya kule, bidari hupata kole moja, yaani shada moja la tende, katika kila mtende anaouhudumia. Mengine ni ya mwenye shamba. Majirani walituita Wazinjibari. Unguja hatujaikanyaga hadi leo.

Baba alijua miti, na hilo ndilo lililomponza. Ule msimu wetu wa kwanza, baridi ikiwa bado haijaisha, Bu Saif alisafiri siku chache, na baba akataka akirudi alikute shamba linang'aa. Katika mitende ya Bu Saif ilikuwapo michache ya kiume, ambayo wenyeji huiita fahali. Haizai. Juu kabisa hutoa viganda vinene, vimefungwa kama ngumi, na ndani yake mna unga mweupe. Bidari huvingoja viganda hivyo, huvipasua, huchukua vishada vya unga na kuvipachika kwa mkono, kole kwa kole, katika mitende ya kike. Bila hivyo hakuna tende. Kwao Ujiji mchikichi haupachikwi kitu, huzaa wenyewe, na maua dume yake ni taka za kukatwa mti upumue. Baba akapanda fahali mmoja baada ya mwingine, akavikata viganda vyote, akawatupia mbuzi.

Bu Saif aliporudi, alisimama chini ya mitende ile mitupu kwa muda mrefu. Hakugombeza. Ilimbidi apite kwa majirani kuomba unga, shamba kwa shamba, na kila alipoomba alilazimika kueleza kwa nini. Baba alifuatana naye. Alikuwa na maneno machache ya Kiarabu aliyotoka nayo msikitini Ujiji, akajaribu nayo kujitetea. Wakacheka. Walicheka kitendo, kisha wakacheka na maneno. Binamu yake Bu Saif, mzee mcheshi asiye na mbavu za kubana kicheko, akasema huyu hakuletwa kuwa bidari, huyu ni kinyozi. Jina likashika. Kinyozi, njoo. Kinyozi, kata hapa.

Toka siku hiyo baba hakusema tena Kiarabu mbele ya watu. Haya sikuyaona, nilikuwa mdogo mno. Niliyakuta yamekwisha kuwa desturi ya nyumba, kama vile katika nyumba nyingine mtoto hukuta baba hali samaki. Baba hasemi. Zuwena ndiye husema.

Na Zuwena alisema kila kitu. Alipoanza shule alikalishwa na watoto wadogo kuliko yeye, magoti yakigonga meza, akakipata Kiarabu kwa hasira ndani ya muda mfupi. Baada ya hapo alikuwa mdomo wetu kwa Bu Saif, kwa mwalimu mkuu, kwa mtu wa umeme, na hospitali, ambako mama alikuwa akifuatiliwa sukari na presha. Siku za kliniki ya mama Zuwena hakwenda shule. Alirudi mchana, akaazima madaftari ya wenzake, akanakili. Alikuwa na ujuzi mwingine ambao mimi niliuhusudu, ule wa kulainisha. Neno kali likiingia sikioni mwake kwa Kiarabu lilitoka kwa Kiswahili limevaa nguo. Baba alipouliza mara moja wanamwitaje wale wazee, Zuwena alijibu bila kupepesa jicho, "Wanakuita fundi, baba."

Mimi Kiarabu changu nilijifunza peke yangu, na kwa njia ya mgonjwa. Waliozaliwa miaka yangu watazikumbuka zile katuni za alasiri, ambamo hata paka alisema Kiarabu cha vitabuni, irabu zote mahali pake. Niliketi mbele ya televisheni nikirudia kwa kunong'ona. Nikachukua vitabu vya Zuwena vya madarasa ya juu, nikavisoma kwa sauti bafuni. Shuleni niliandika vizuri kuliko wote na nilisema kidogo kuliko wote. Kabla ya kuomba ruhusa ya kwenda kunywa maji niliitunga sentensi, nikaikagua mwanzo hadi mwisho, na mara nyingi nilipomaliza kuikagua kengele ilikuwa imelia.

Zuwena alimaliza darasa la mwisho nikiwa na miaka kumi na moja. Majibu ya mtihani yalitoka katika msimu wa tabsili, yaani wiki zile za joto kali ambapo tende za manjano hushushwa kabla hazijaiva, zikachemshwa katika masufuria makubwa ya shaba na kuanikwa uwanjani mpaka zikauke. Alifaulu vizuri mno. Alitaka chuo cha Nizwa, kusomea mambo ya maabara ya hospitali, labda kwa sababu alikuwa amekaa hospitali kuliko muuguzi. Mama alimkumbatia, akalia, akamshukuru Mungu, kisha akakaa chini na kuuliza swali ambalo sote tulikuwa nalo.

"Ukienda wewe, nani atatusemea?"

Zuwena akaninyooshea kidole. "Huyu hapa. Anajua kuliko mimi."

Sote tulijua si kweli. Au ilikuwa kweli kwa namna isiyosaidia, kama mtu mwenye hazina ya nguo asiyetoka nje.

Jioni ile ile Bu Saif alikuja na sahani ya halwa kumpongeza. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliotia kitu kizito katika jambo hili. Mpwa wake alikuwa na ofisi mjini ya kuchapa maombi na kujaza fomu za watu. Alihitaji msichana. Bu Saif alikuwa amekwisha kumtaja Zuwena. Mshahara mzuri, jioni yuko nyumbani, na nyie wazee hamtaachwa bila ulimi. Zuwena mwenyewe ndiye aliyetutafsiria, macho yake kwenye halwa. Hakulainisha kitu safari hii, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kulainisha. Baba alisema ahsante. Bu Saif akasema jibu si la leo, tutazungumza siku ya masufuria.

Sasa fikirieni shida yenyewe. Baba alitaka Zuwena aende Nizwa. Lakini kumkatalia Bu Saif fadhila, mbele ya jamaa zake, sisi tukiwa ndani ya nyumba yake, ilitaka maneno mazuri sana. Na Zuwena hakuweza kuyasema yeye. Msichana akikataa kazi kwa kinywa chake, nani ataamini kwamba ni kauli ya baba yake? Wangeona mtoto kaamua, mzee kaburuzwa.

Mchana mmoja, watu wakiwa wamelala, nilimsikia baba akimwambia mama chumbani, "Nitamjibu Bu Saif siku ya tabsili. Nikishindwa pale, basi Zuwena abaki." Nami sikuwa na shaka alimaanisha nini. Nyumbani kwetu baba akisema atasema, maana yake mmoja wetu atasema. Zuwena ameondolewa. Nimebaki mimi. Kwa hiyo nikishindwa mimi, Zuwena anabaki.

Siwezi kueleza wiki zile bila kuona haya kidogo. Niliacha kula vizuri. Nilitunga jibu la kukataa fadhila kwa Kiarabu cha vitabuni, lenye utangulizi, dua, sababu na shukrani, nikalikariri mpaka nikawa nalisema usingizini. Zuwena alinisikiliza mara moja, akatikisa kichwa. Akasema, "Mdogo wangu, hii ni hotuba ya mfalme. Bu Saif ataangalia nyuma kuona nani anahutubiwa." Nikalitunga upya. Kila toleo lilikuwa na ufa.

Baba naye siku zile alikuwa amebadilika. Alikuwa juu ya mitende toka alfajiri akishusha makole, na akiwa juu alinong'ona. Nilikuwa nikipeleka chai, nasimama chini, nasikia sauti yake inakatika na kurudi, inakatika na kurudi, kama mtu mwenye tasbihi. Juu ya mtende wa pili alikuwapo Jalil, mfanyakazi kutoka Bangladeshi, mtu wa furaha, ambaye Kiarabu chake kilikuwa cha nomino tupu na vitenzi visivyo na wakati, na ambaye alikisema kwa kila kiumbe bila aibu yoyote. Nilidhani baba anasoma adhkari asianguke. Nilisema nami moyoni, Mungu mlinde, na Mungu nilinde mimi siku ya masufuria.

Siku yenyewe baba aliniambia nivae buibui yangu safi nifuatane naye. Uwanja ulikuwa umejaa. Moto ulikuwa umewashwa katika majiko ya udongo, moshi unakwenda chini chini, watoto wanapita na ndoo za tende. Wanaume wa ukoo walikaa kivulini kwenye mkeka, kahawa na tende mbivu katikati. Waliokuwa motoni wakitia na kuopoa walikuwa wafanyakazi, na Jalil alikuwa na bakora ndefu yenye kikapu mwishoni, anaimba kitu cha kwao. Baba aliamkia, akakaa ukingoni mwa mkeka. Mimi nikakaa nyuma ya bega lake.

Walizungumza bei. Walizungumza mfanyabiashara atakayekuja kuchukua. Kisha Bu Saif akageuka, akaniangalia mimi, kama alivyozoea kumwangalia Zuwena, na akasema kwa kile Kiarabu cha mkoa wao wa Sharqiyah kinachokwenda mbio na kumeza nusu ya herufi: mwulize baba yako, mpwa wangu anauliza aanze lini.

Aanze lini. Hotuba yangu ilikuwa imeandaliwa kujibu swali la kukubali au kutokubali. Hapa swali hilo lilikuwa limekwisha kurukwa. Nikatafuta mahali pa kuingilia. Utangulizi haukufaa. Dua ingekuja ghafla. Nikatafsiri kwa baba, kwa Kiswahili, sauti ikiwa kama uzi. Nikajua ananingoja mimi. Wote waliningoja. Nilikuwa nimefungua mdomo, nakumbuka, kwa kuwa moshi uliingia na ukauma kooni.

Yule binamu mcheshi akasema, "Kinyozi kazaa bubu."

Wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Hapo baba akasogea mbele juu ya mkeka. Aliyosema aliyasema kwa Kiarabu, na nayaandika kwa Kiswahili kilichovunjika kwa sababu ndivyo kilivyokuwa Kiarabu chake.

"Bu Saif. Mimi sema. Kazi wewe leta, kazi zuri. Mungu lipa wewe. Lakini Zuwena hapana kazi. Zuwena soma. Nizwa soma."

Mkeka wote ukalipuka kwa kicheko. Haikuwa tu kwamba alisema vibaya. Alisema Kiarabu cha vibarua, neno kwa neno, lafudhi kwa lafudhi, kile kile cha Jalil. Binamu alishika tumbo. "Kinyozi anasema! Na anasema Kibangali!" Kule motoni Jalil aliinua bakora yake juu, akapiga kelele, "Zuri, rafiki, zuri!" na hilo likawamaliza kabisa. Mimi nilitaka kumvuta baba shati. Nilitaka anyamaze. Kila neno lake nililisikia na mahali lilipovunjika, na nilijua namna ya kuliunga, na mikono yangu ilikuwa mapajani.

Baba aliwangoja wamalize. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho hadi mgongoni.

Bu Saif hakucheka. Akauliza polepole, safari hii akimtazama yeye, "Na akiondoka huyo, Masudi, nani atakusemea mambo yako?"

"Mimi."

"Hivi hivi?"

"Hivi hivi," baba akasema.

Bu Saif akasema khair, neno ambalo kule linaweza kuwa ndiyo, linaweza kuwa hapana, linaweza kuwa tuyaache. Akainuka kwenda kutazama sufuria. Na hayo ndiyo yote. Hapakuwa na mtu aliyetupa mkono wala aliyetufukuza. Tulikaa mpaka kahawa ikaisha, kama adabu inavyotaka.

Njiani kurudi nililia. Baba aliniuliza nini, nikamwambia nimeshindwa kusema, sasa Zuwena atabaki kwa ajili yangu.

"Nani alikwambia wewe ndiye wa kusema?"

Nikamwambia nilimsikia chumbani. Alisimama, akafikiri, kisha uso wake ukabadilika kama mtu aliyekanyaga kitu. Akaniambia mtihani ule wa kumjibu Bu Saif ulikuwa wake mwenyewe. Toka majibu ya Zuwena yatoke alikuwa akijifunza na Jalil mtende kwa mtende, huyu akisema, yule akirudia, kwa kuwa huko juu hakuna wa kucheka.

"Sasa mimi ulinichukulia nini?"

"Mtu akipanda mti asioujua huweka mwenzake chini."

"Nisingeweza kukudaka, baba."

"Hapana. Lakini ungekwenda kuita watu."

Nikamwuliza kama alikuwa akiwaelewa miaka yote ile. Akasema si yote, ya kutosha. Nikamwuliza hata lile jina. Akasema jina alilielewa siku ile ile lilipotoka, na Zuwena alipomwambia wanamwita fundi alimwachia, kwa sababu mtoto alikuwa amejitahidi. Basi kwa nini hukusema, baba? Nilimwuliza kwa nguvu kuliko inavyofaa.

"Niliogopa kuchekwa."

"Leo wamecheka."

"Wamecheka sana," akasema. "Na kesho watacheka tena."

Nilipokuwa chuoni nami, miaka mingi baadaye, nilikuwa nikiwasimulia wenzangu habari hii na kuipamba. Nilisema baba alinyamaza makusudi ili sisi tuinuke, tuwe hodari. Wasichana wa bweni walilengwalengwa na machozi. Lakini yeye hakusema hivyo. Alisema aliogopa. Mtu aliyepanda miti mirefu kuliko nyumba bila kutetemeka aliogopa mkeka wenye wazee sita wanaokunywa kahawa, na kwa woga huo mtoto wa miaka kumi alibeba nyumba mpaka akawa mtu mzima. Mimi nina macho yake, na mikono yake, na hilo.

Zuwena hakulipokea jambo hili kama mimi. Nilidhani atafurahi. Alisikiliza kisa chote akiwa amesimama mlangoni, kisha akamwuliza baba swali moja: zile asubuhi alizokosa shule, akakaa foleni na mama, baba alikuwa anaelewa Kiarabu? Baba akasema ya hospitali alikuwa haelewi. Kisha akaongeza kwamba mengine alikuwa anaelewa. Ya shuleni kwake. Ya mtu wa umeme. Zuwena akaingia chumbani akafunga mlango. Kwa siku nyingi alimwamkia shikamoo kama inavyopasa, akampakulia chakula, na zaidi ya hapo hakumwambia kitu. Mama alitaka kumsema, baba akamzuia.

Nafasi ya Nizwa ilipokuja, ilikuja kwa ujumbe wa simu. Bu Saif hakuitaja tena ile kazi. Hakuwa mchangamfu kama zamani, lakini alianza kumwita baba moja kwa moja, na akaacha kusema naye kwa sauti ya juu kama kwa kiziwi. Akaanza pia kumbishia. Baba alipokuwa bubu alihurumiwa. Sasa alipodai kole la mtende huu, Bu Saif alimwambia mtende huu ni mgonjwa, chukua ule, na walisimama juani wakivutana, mmoja kwa lugha yake na mwenzake kwa vipande vyake. Baba alirudi nyumbani amekunja uso, anakula haraka. Mama alisema hajamwona na hamu ya chakula hivyo toka Ujiji.

Kliniki ya kwanza ya mama bila Zuwena, nililia nifuatane nao. Nilikuwa nimeandika majina yote ya dawa. Baba alikataa, akaniambia nikae nisome. Walirudi jioni. Alikuwa amempeleka mama mpaka kwa daktari wa meno, wakangoja hapo nusu ya asubuhi, mama akiwa na meno mazima. Alisimulia mwenyewe, akicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika. Nikaketi nikasoma, kwa sababu hakuna aliyenihitaji kwa kitu kingine. Nadhani ndipo nilipoanza kusoma kwa ajili yangu, bila ya kuhofu kwamba nyumba itaanguka nisipopata neno. Ilikuwa hali ngeni. Sikuipenda mwanzoni.

Lakini kabla ya hapo ilikuja siku ya kumpeleka Zuwena. Bu Saif alituazima gari na mwanawe wa kuliendesha. Nizwa ilitupokea kwa jua la kuumiza macho, milima imesimama nyuma ya mji. Bwenini walikuwapo baba wengi, kanzu zao zimepigwa pasi, wanasimama karibu na mabegi ya binti zao hawajui pa kuweka mikono. Msimamizi wa bweni, mama mmoja mnene mwenye funguo nyingi, alieleza kanuni, kisha akauliza kama kuna mzazi mwenye swali.

Wale wengine waliangalia mabegi. Kisha baba akapiga hatua moja mbele.

Nizwa wakati wa baridi ni baridi kweli, na Zuwena alikuwa na kifua. Baba alitaka kuuliza kama wasichana hupewa mablanketi. Alianza vizuri, akasema baridi, akasema usiku, akasema binti, kisha akafika kwenye lile neno na halikuwapo. Jalil hakuwa amempa. Niliona mdomo wa Zuwena unafunguka, kwa mazoea ya miaka kumi. Akaufunga. Akanitazama, nami nikamtazama. Neno tulikuwa nalo sote wawili, safi, na irabu zake. Tukamwacha alitafute.

Baba akajikumbatia. Katika joto lile, mbele ya baba wote wale, alijikunja mabega, akatetemeka, akagonganisha meno, kisha akajifunika kwa mikono yake kutoka miguuni hadi kidevuni kwa kitu kisichokuwapo. Mzee mmoja akacheka wazi. Msimamizi alicheka pia, funguo zikalia, akamjibu kwa urefu.

Baba akageuka kwetu. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Anasema mablanketi yapo," akatutafsiria kwa Kiswahili, polepole ili tusipitwe. "Mawili kila kitanda."

Mama akasema alhamdulillah.

Zuwena alikuwa ameinama akifunga zipu ya begi lake ambayo ilikuwa imefungwa. Akainuka, akasimama karibu naye, bega kwa bega, na kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi akamwambia jambo lisilokuwa salamu.

"Muulize na mito, baba."